Si Wewe, Sista

Nilifika Leipzig katikati ya Septemba 2024, wiki mbili baada ya wananchi wa jimbo la Saxony kuchagua bunge lao la jimbo, na maandishi ya kwanza ya Kijerumani niliyojifunza kuyasoma nje ya vitabu vya darasani yalikuwa ya mabango ya wagombea, ambayo bado yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo za taa kuanzia kituo cha treni hadi mtaa niliopangiwa chumba. Sikujua wakati ule kwamba kabla sijamaliza nusu mwaka mabango mengine yangepandishwa kwenye nguzo zilezile, na kwamba safari hii sehemu kubwa ya maneno yake ingekuwa inazungumzia watu wa aina yangu.

Nilikuja kufanya kazi ya uuguzi. Nyumbani, mkoani Kigoma, nilikuwa muuguzi mwenye leseni kwa miaka sita. Hapa nilipokelewa kama msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee wakati vyeti vyangu vikiendelea kuchunguzwa, nikiwa na kibali cha kuishi kilichofungamana na kazi hiyo. Chumba changu kilikuwa Grünau, mtaa mkubwa wa majengo ya zege yaliyojengwa enzi za Ujerumani Mashariki, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya maghorofa ya Michenzani, Unguja, angeelewa kwa nini siku ya kwanza nilihisi kwamba nimewahi kuyaona. Ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa kuwa nchi ile ndiyo iliyoisaidia Zanzibar kujenga nyumba za namna hiyo baada ya Mapinduzi ya 1964.

Tarehe 6 Novemba 2024, Kansela Olaf Scholz, mkuu wa serikali ya Ujerumani, alimfuta kazi waziri wake wa fedha na serikali ya vyama vitatu ikasambaratika. Habari hiyo niliisikia asubuhi iliyofuata katika chumba cha wafanyakazi, wakati wa kukabidhiana zamu, na nilielewa nusu yake tu. Mwezi huohuo, tarehe 27, kwetu ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na mama yangu alinipigia simu kunieleza jinsi foleni ilivyokwenda. Nilimwambia kwamba huku nako uchaguzi unakuja. Akaniuliza kama nitapiga kura. Nilimjibu kwamba huku mimi ni mgeni, hivyo sina kura. Na tulipokata simu ndipo nilipotambua kwamba hata uchaguzi mkuu wa kwetu wa mwaka uliofuata ungenipita. Julai 2024, zoezi la kuboresha daftari la kudumu la wapiga kura lilipopita mkoani kwetu, nilikwenda kurekebisha taarifa zangu, na kitambulisho changu cha kupigia kura nilikibeba katika sanduku hadi Ulaya. Lakini Mtanzania aliye nje ya nchi hana utaratibu wa kupiga kura akiwa huko aliko. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, ninalipa kodi, na hakuna serikali hata moja duniani ambayo ningeichagua katika mwaka ule.

Jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia, na nadhani ndilo lililonifanya niufuatilie uchaguzi wa wenyeji wangu kwa makini kuliko baadhi yao. Nilijifunza kwamba kila mpigakura ana kura mbili katika karatasi moja, ya kwanza kwa mgombea wa jimbo lake la uchaguzi na ya pili kwa chama, na kwamba hiyo ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa kwa sababu ndiyo inayogawa viti. Kwamba chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura za pili kwa kawaida hubaki nje ya Bunge. Kwamba watu hupiga kura siku ya Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kidole hakipakwi wino. Hakuna magari yenye vipaza sauti yanayopita mitaani, wala wasanii jukwaani, wala kanga na fulana za chama. Jumamosi, karibu na soko, vyama huweka meza ndogo chini ya miavuli na kugawa kalamu na vipeperushi kwa sauti ya chini. Kwa mtu aliyekulia katika kampeni za kwetu, ukimya huo unadanganya. Kwa wiki kadhaa nilidhani kwamba hakuna jambo kubwa linaloendelea.

Tarehe 20 Desemba mtu mmoja aliliendesha gari kwa kasi katikati ya umati kwenye soko la Krismasi la Magdeburg, mji ulio mwendo wa saa moja na kitu kwa treni kutoka Leipzig, akaua na kujeruhi. Alikuwa daktari aliyetoka Saudi Arabia. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 Januari, huko Aschaffenburg, mwanamume kutoka Afghanistan aliwashambulia kwa kisu watoto wa chekechea waliokuwa bustanini. Mtoto wa miaka miwili na mtu mzima aliyejaribu kuwakinga watoto wakafa. Nililia kwa ajili ya mtoto yule kama walivyolia wenzangu kazini. Lakini tofauti kati ya kilio changu na chao niliiona jioni hiyohiyo ndani ya tramu, pale nilipojikuta nimevuta kofia ya koti langu hadi usoni na kushusha sauti ya simu ili nisisikike nikizungumza Kiswahili. Hakuna aliyekuwa ameniambia neno lolote. Nilijificha mwenyewe.

Kuanzia hapo uchaguzi wote uligeuka kuwa mjadala wa wageni. AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga uhamiaji, kilikuwa kimefanya mkutano wake mkuu Riesa, humuhumu Saxony, tarehe 11 na 12 Januari, na mgombea wake wa ukansela, Alice Weidel, alilitamka jukwaani neno ambalo mimi nilikuwa sijawahi kulisikia: remigration, yaani kurejeshwa makwao kwa watu waliohamia. Tarehe 29 Januari, Bunge lilipitisha azimio la kubana uhamiaji lililoletwa na chama cha upinzani cha CDU, cha Friedrich Merz, na likapita kwa sababu AfD waliliunga mkono, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika Bunge hilo. Watu walijaa barabarani kupinga. Mjini München, tarehe 8 Februari, polisi walikadiria kwamba waandamanaji walikuwa 250,000. Mwenzangu mmoja wa zamu, mwenyeji wa Leipzig, alinieleza kwamba wazazi wake walikuwa miongoni mwa watu wapatao 70,000 walioandamana katika mji huu tarehe 9 Oktoba 1989 na kuutikisa utawala wa wakati ule, na kwamba kwake yeye kubaki nyumbani wakati kama huu kungekuwa ni kuwakana wazazi. Alitaka niandamane naye. Sikwenda. Niliogopa kwamba picha yangu ingeweza kunidhuru siku ya kuhuisha kibali, na ingawa baadaye nilielezwa kwamba mgeni naye anaruhusiwa kuandamana kwa amani, bado siwezi kusema kwamba hofu ile ilikuwa ya kipuuzi. Mgeni hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Ila si barabarani nilikojifunza jambo ninalotaka kulisimulia. Nilijifunza katika chumba cha bibi mmoja wa miaka 87.

Kila asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, ilikuwa kazi yangu kumvisha soksi za kubana zinazozuia miguu kuvimba. Ni kazi ya dakika chache inayotaka nguvu na upole kwa pamoja, na anayeifanya kila siku na anayefanyiwa huishia kuzungumza. Aliniita Schwester, neno lao la kumwita muuguzi wa kike, lenye maana ya dada. Na kwa kuwa kwetu pia mgonjwa humwita muuguzi sista, lilinigusa moyoni tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyenisahihisha Kijerumani changu bila kunicheka. Yeye ndiye aliyenipa glavu zake za sufu mwezi Novemba, aliponiona nimefika na vidole vimekufa ganzi.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kinu cha kusokota pamba, Baumwollspinnerei, ambacho wakati wake kilikuwa mali ya dola. Nilikwenda kukiona siku yangu ya mapumziko. Leo majengo yake ya matofali mekundu yamejaa wachoraji na kumbi za sanaa, na huko nilijifunza kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni iliyokimiliki ilikuwa na mashamba yake ya pamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani kwetu. Nilipomweleza bibi alishangaa sana, akanishika mkono, akasema kwamba basi pengine tulikuwa tunafahamiana kabla ya kuonana. Alinisimulia jinsi Ujerumani Mashariki na Magharibi zilivyoungana mwaka 1990 na kinu kikaacha uzalishaji miaka michache baadaye. Yeye akiwa na zaidi ya miaka 50 hakuajiriwa tena, na binti yake akahamia magharibi kutafuta kazi na hakurudi ila kwa likizo. Alinieleza pia kwamba zamani, katika dola ile ya chama kimoja, watu waliuita uchaguzi kwenda kukunja karatasi, kwa sababu ulipewa orodha moja iliyokwisha kupangwa, ukaikunja, ukaitumbukiza, basi. Aliyeingia kwenye kibanda cha siri alitiliwa shaka. Ndiyo maana, alisema, tangu 1990 hakuwahi kukosa kura hata moja.

Karatasi zake za kupigia kura kwa posta zilifika mwanzoni mwa Februari. Msimamizi wetu alikwisha kutuonya kwamba tusimshauri mzee yeyote kuhusu kura, na kwamba anayehitaji msaada wa kushikiwa karatasi asaidiwe kwa kufuata matakwa yake tu. Bibi hakuhitaji msaada. Alijaza mwenyewe kwa miwani na lenzi, akafunga, kisha akanikabidhi bahasha nyekundu nikaitie kwenye sanduku la posta nitakapotoka. Nilikuwa nimeiweka mfukoni tayari aliponiambia, bila kuulizwa, kwamba safari hii amewapigia AfD.

Nilisimama na ile bahasha. Nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa kuwa aliinua mkono wake haraka akasema, “Lakini si wewe, Sista. Wewe unafanya kazi.”

Niliipeleka bahasha. Nataka nilieleze hili kwa usahihi, kwa sababu kuna marafiki walioniuliza baadaye kama sikushawishika kuitupa: sikushawishika. Kura ilikuwa yake, nami nimetoka katika nchi ambako najua thamani ya karatasi ya mtu kufika salama mahali ilipotumwa. Lakini njia nzima hadi kwenye lile sanduku la njano nilikuwa nikiyarudia yale maneno mawili, si wewe, nikijaribu kuyapokea kama alivyokusudia, yaani kama neno la upendo, na hayakukubali kupokelewa hivyo.

Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, na nililipokea kwa furaha kwa kuwa ndilo nililolifuata. Kilichoniumiza ni kuelewa kwamba kumbe jembe ndilo lilikuwa limekaribishwa. Siku nitakapoumwa mgongo nishindwe kuinua wagonjwa, siku mwajiri atakaponiachisha, nitahama kutoka upande wa “si wewe” kwenda upande wa “wao”, na ni mtu yuleyule aliyenipa glavu atakayekuwa ameupigia kura mpaka huo. Tena hao “wao” nilikuwa nawafahamu. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, Msiria aliyekuwa akijifunza udereva wa tramu, alinibebea godoro mgongoni hadi juu siku ninahamia. Kama si mimi, basi ni yeye?

Siku iliyofuata, nikiwa nimepiga goti na soksi mkononi, nilimwuliza bibi swali hilohilo: kama si mimi, ni nani? Nilisema kwa adabu, kwa Kijerumani nilichokuwa nimekiandaa usiku. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha hakuanza na wageni kabisa, alianza na daktari wa mtaani aliyestaafu asipatikane mwingine, akaja kwenye kinu, akaja kwa binti yake, na mwishoni kabisa akasema, “Wale wa kwenye televisheni.” Nikamwambia kwamba wale wa kwenye televisheni ni wauaji, na mimi nawaogopa kama yeye, lakini karatasi yake haikuandikwa wauaji. Hakunijibu. Nilimaliza mguu wa kushoto, nikamletea chai. Sikuridhika na maelezo yake na hadi leo sijaridhika, kwa kuwa mtu anaweza kupoteza kazi na mtoto kwa dhuluma ya kweli na bado akaielekeza hasira yake kwa asiyehusika. Hata hivyo kuanzia siku hiyo niliacha kudhani kwamba naelewa kilichomo ndani ya kila aliyechagua bango lile.

Na usiku ule sikulala, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka nilikowahi kuyasikia maneno yale. Niliyasikia kinywani mwangu.

Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliwaleta maelfu ya watu mkoani kwetu. Kambi ya Nyarugusu ikafurika, ya Nduta ikafunguliwa upya. Sisi Waha na Warundi tunaelewana kwa lugha, tumeoleana, tumezikana. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo serikali yetu ilikuwa imewapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao, waliokimbilia kwetu tangu 1972. Pamoja na hayo, kila palipoibwa ng'ombe au kuvamiwa duka, jibu lilikuwa limekwisha kujulikana: Warundi. Nikiwa likizo kutoka chuo cha uuguzi, tulikuwa na mama mmoja wa Kirundi aliyekuja kufanya kibarua cha kuvuna maharage shambani kwetu, kwa malipo ambayo Mha yeyote angeyakataa. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mchana mmoja, tukiwa tumepumzika chini ya mwembe, redio ikizungumzia ujambazi wa barabarani, nilisema kwa sauti kwamba serikali iwarudishe wote kwao tupumue. Nikamwona ameinamisha kichwa. Nikacheka kidogo, nikamgusa bega, nikamwambia, “Si wewe, mama. Wewe ni mchapakazi.”

Alisema asante. Alisema asante, akanyanyuka kurudi kuvuna kabla ya sisi, na nilidhani nimemfariji.

Jumapili ya tarehe 23 Februari 2025 nilikuwa zamu ya mchana. Saa kumi na mbili kamili jioni makadirio ya kwanza yalitokea kwenye televisheni ya ukumbi wa chakula, na wazee wakaacha kutafuna. CDU na ndugu zao wa Bavaria, CSU, hatimaye walipata asilimia 28.5; AfD asilimia 20.8, mara mbili ya walichopata 2021. SPD cha Scholz kikaanguka hadi 16.4. Katika Saxony peke yake AfD walizidi asilimia 37, ingawa kusini mwa mji wetu kiti cha jimbo la uchaguzi kilichukuliwa na Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto. Waliojitokeza walikuwa asilimia 82.5, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu nchi iungane. Nilihesabu, kama nadhani kila mgeni alivyohesabu jioni ile: kati ya watu watatu ninaopanda nao tramu, zaidi ya mmoja. Halafu nikajizuia kuendelea, kwa sababu hesabu hiyo ukiiruhusu ikuingie huwezi tena kumwomba mtu akuelekeze njia.

Bibi hakuitazama televisheni. Jumatatu asubuhi nilimkuta macho, ameketi, na hakunisalimu. Aliniuliza kibali changu kinaisha lini. Nikamwambia kinaisha Novemba, na kwamba kikihuishwa na vyeti vyangu vikikubaliwa, baada ya miaka mitano ya kuishi hapa sheria iliyokuwapo ingeniruhusu kuomba uraia, ila kwetu mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo ili nipate kura huku ni lazima niiache ile ya nyumbani. Alilichukua jambo hilo kwa uzito. Alisema kwamba hakuwa anajua kwamba mtu huombwa kitu kikubwa kiasi hicho. Kisha akaichukua kalamu ya risasi iliyokuwa kando ya kitanda, akaomba nimpe kalenda iliyokuwa ukutani, akaandika kwa mkono unaotetemeka, katika ukurasa wa Novemba, jina langu.

Sijui aliliandika kwa kunihofia au kwa kujihofia. Nilimvisha soksi.

Jioni nilimpigia mama simu nikamwuliza kama anamkumbuka yule mama wa Kirundi wa maharage. Anamkumbuka vizuri. Alirudi Burundi na watoto wake katika moja ya misafara ya kuwarejesha, na namba ya simu aliyoiacha haipatikani. Mama akaniuliza ninamtafutia nini baada ya miaka yote hii, na nikamweleza neno nililomwambia siku ile chini ya mwembe, kwa kuwa nilidhani hakulisikia. Akanyamaza kwa muda hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema kwamba alilisikia, kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameketi karibu naye kuliko sote, na kwamba aliendelea kumenya mihogo.